Seyyida Zuwena na Mlango wa Gongoni

Ng'ambo, Unguja
25 Januari 1964

Kaka Shomari, shikamoo. Mimi mzima, sijui nyie huko Tabora, wewe, wifi Kuluthumu na watoto. Poleni na saumu.

Mapinduzi mmeyasikia redioni. Seyyida Zuwena wa ukoo wa Sultani, ambaye nimemlelea binti yake tangu akinyonya, hakuiwahi meli aliyotoroka nayo Sultani. Alinijia kwa miguu na Thuwaiba wake, wamejitanda kanga za mpishi. Nimewaficha chumbani. Wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba. Mtu ambaye hata maji alikuwa hajichotei, sasa ananioshea vyombo.

Kaka, wapokee. Tabora nani atawajua? Jibu lipitie kwa baharia aliyeivusha hii, posta siiamini.

Mdogo wako,
Mwamvita

Gongoni, Tabora
7 Februari 1964

Mdogo wangu, marahaba. Hatujambo, ila mvua imetubomolea ukuta wa uani.

Kuluthumu alilia nilipomsomea barua yako. Lakini siwezi. Askari wa hapa nao waliasi juzi, mji bado unanong'ona. Nina kadi ya chama. Nikikutwa na watu wa Sultani, wanangu watakuwa wa nani? Tena babu zetu waliwabebea hao pembe kutoka Ujiji mpaka pwani, mabega yakatoka usaha. Leo niwafiche mimi?

Njoo peke yako. Hao mwachie Mungu.

Kaka yako,
Shomari

Ng'ambo, Unguja
21 Februari 1964

Kaka, shikamoo. Idi imepita, sisi hatukuiona.

Jibu lako lilipofika, Seyyida aliniuliza, "Kaka yako kasemaje?" Ningeweza kumdanganya. Nikamsomea yote, hata pale pa mabega. Akasema, "Kuhusu mabega hakukosea."

Kulipokucha akavaa baibui. "Nitawaambia Thuwaiba kaondoka na meli," akasema, "wataacha kumtafuta." Akaenda kujisalimisha. Jirani alimwona akipakiwa kwenye lori. Jana tumeambiwa amefia kizuizini. Maiti hatukupewa.

Kaka, kilichomtoa ni kalamu yako au mdomo wangu?

Mwamvita

Gongoni, Tabora
4 Machi 1964

Mdogo wangu, salamu zinanishinda. Poleni.

Siku hizi msikitini nasimama safu ya nyuma kabisa. Mlete mtoto. Tumewaachia chumba cha mbele, Kuluthumu kafua mashuka. Chama wakijua, na wajue. Nitakuwa stesheni kila treni ya Dar es Salaam inapoingia. Usimfiche nilichosema, nitamwomba radhi mwenyewe.

Kaka yako,
Shomari

Ujiji
30 Machi 1964

Kaka, shikamoo. Tumefika salama kwa Mwanajuma, binti wa mama mkubwa. Katupokea vizuri.

Treni iliposimama Tabora nilikuwa nimeshabeba mzigo wetu. Nilikuona, kofia mkononi, unachungulia behewa moja moja. Umekonda. Thuwaiba, niliyemsomea barua zako zote, akauliza, "Ndiye yule?" Nikasema ndiye. Akanishika mkono. "Tusishuke."

Ulipofika dirishani petu nilivuta ushungi usoni. Ukauliza, "Samahani, humu hamna mama na binti kutoka Unguja?" Aliyekujibu "Hawamo" ndiye Thuwaiba. Ukamwambia, "Ahsante, mwanangu," ukaenda behewa la pili.

Alilia mpaka Urambo. Ningekuita jina ungegeuka, Kaka, nami nilinyamaza.

Usiende tena stesheni.

Mdogo wako,
Mwamvita