Ushirika na Ushirikina

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo, na babu yako kikohozi kimemwacha. Umeuliza kwa nini maneno ushirika na ushirikina yanafanana.

Ushirika wetu wa pamba ulipodhoofika, wanunuzi binafsi waliingia Misungwi. Mmoja aliangusha uani kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu. Mimi ndiye niliyesema, "Huu ni ushirikina." Majirani wakamfukuza.

Nikiwa bado na hofu, niliipeleka karatasi ile kwa mwalimu wa madrasa, Igogo.

"Ni barua ya mtu kwa mkewe," alisema. "Anamwambia amepata watu wema wa kushirikiana nao. Kwa Kiarabu, kushirikiana na huo ushirikina unaousema shina lake ni moja, mama. Ukimwekea Mungu mshirika, ni ushirikina. Mkishika kazi pamoja, ni ushirika."

Tulimtafuta mnunuzi yule, hatukumpata. Mpaka leo nikipita stendi ya Buzuruga natazama nyuso za wasafiri.

Bibi yako anayekukumbuka.