Chumba cha Kuchanganyia Dawa

3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na shangazi hajambo. Sisi huku wazima, na duka lako la dawa bado limesimama.

Chama cha wafamasia kimeniletea kocha, mama wa makamo, mfamasia kama sisi. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi la wateja mpaka saa saba, kimya, kisha akaniuliza: "Umehudumia watu arobaini na mmoja. Wangapi umewauliza wanaendeleaje na dawa zao?" Nilikuwa nimewauliza kama wanataka mfuko, basi.

Hatoi amri. Anauliza, halafu ananiacha nihangaike. Asubuhi kabla ya kufungua, yeye anajifanya mgonjwa nami namhudumia. Mara tatu nimempa dawa hajamaliza kuniambia anaumwa wapi.

Nataka mahali pa kumpima mtu presha na kuzungumza naye bila foleni kutega masikio. Kimebaki chumba chako cha kuchanganyia dawa, ambacho sasa kimejaa maboksi. Naomba ruhusa nitoe rafu.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, shangazi yako ananilisha kama mgeni wa jana.

Kocha? Tumeanza lini kucheza mpira? Mimi nilimjua mteja kwa kikohozi chake kabla hajafika kaunta, na sikufundishwa na mtu.

Chumba kile nilichanganyia dawa miaka kumi na tisa. Marehemu mama yako alikaa dirishani akibandika lebo, "kijiko kimoja kutwa mara tatu", kwa mwandiko wake ule wa kulala. Wewe ulisinzia ndani ya boksi la pamba. Harufu ya mnanaa ilitufuata hadi nyumbani. Nawakumbuka nyote mlivyokuwa, mpaka moyo unauma. Niachie rafu zangu.

Baba yako

6 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Poleni na mvua.

Nilimsomea kocha barua yako nikidhani atacheka. Akasema: "Dawa ilipokuwa inachanganywa, mgonjwa alikaa akingoja, akazungumza. Siku hizi dawa inakuja imeshafungwa, na mtu anaondoka na lake moyoni." Nililia, baba. Nilimkumbuka mama akiwauliza watu habari za nyumbani huku lebo zikikauka.

Juzi alikuja fundi cherehani, jirani yetu. Miaka miwili anachukua vidonge vya presha, na kila mara jibu lake ni "naendelea vizuri". Nikamwingiza chumbani kwako, tukajibana katikati ya maboksi. Presha ilikuwa juu mno. Nikauliza, kisha nikanyamaza kama nilivyozoeshwa. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwishowe akasema siku za wateja wengi havimezi, vinamkimbiza chooni. Nilizungumza na daktari wake, amebadilishiwa.

Sitagusa rafu hata moja bila neno lako.

Binti yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Kama nimekukosea, nigombeze, lakini usininyamazie.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hukunikosea. Nilikuwa na aibu.

Habari za fundi cherehani nilizisoma nikakunja barua haraka, shangazi yako asione. Vidonge vyangu ni hivyohivyo. Tangu nihamie huku, siku ya kwenda kucheza drafti na wenzangu sivimezi, maana choo kiko mbali na uzee hauna subira. Mwezi wa nne nilianguka palepale kwenye drafti. Nilimwomba shangazi yako asikuambie.

Mfamasia wa huku ni kijana mwenye adabu. Huniuliza, "Mzee, unaendeleaje?" watu wamejaa nyuma yangu. Nami nasema salama. Miaka thelathini nimewauzia watu vidonge hivyo, nikajibiwa hivyohivyo, nikaridhika.

Toa rafu. Lebo za mama yako zitunze. Weka viti viwili na mlango unaofungika.

Nitakuja Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, nami nitapanga foleni. Tukishaingia, niulize kama unavyowauliza wengine, kisha nyamaza. Usinisaidie maneno. Nitachelewa kidogo, lakini nitasema.

Baba yako