Waridi la Jangwani na Madumu ya Akina Mama

Mpendwa Baba Mwakio,

Lile waridi lako la jangwani nusura likufuate kaburini, na si kwa kiu. Ni kwa upendo wa akina mama wa kanisa.

Unaijua Sagalla yetu na shida yake ya maji. Ulipong'oa uzio ili paa waje kunywa kwenye karai, watu walisema umerukwa na akili. Ulipopanda kile kichaka kinene kisicholiwa wala kutoa kivuli, wakanihurumia mimi. Wewe ulicheka tu, ukaniambia, "Huyu usimguse. Kiangazi akipukutisha majani, amelala. Ukimpa maji utamwozesha."

Basi tulikuzika kiangazi, nalo waridi lako lilikuwa limebaki matawi matupu. Mama Mghoi, mwenyekiti wetu wa akina mama, akalitazama akashika mdomo: hata mti wa marehemu unaomboleza! Kesho yake akaja na dumu, akamimina. Akaja mwingine, na mwingine. Watu wanaopanga foleni ya maji tangu alfajiri, Baba Mwakio, wanamwagia mti wako madumu ambayo hata mimi mjane sikuletewa. Ningewakatazaje? Hapa kwetu mtu akikupa maji amekupa kila kitu.

Shina likaanza kulainika. Niliogopa kwelikweli, maana huo ndio mti pekee ulioupanda kwa mkono wako. Nikaweka kiti kando yake, nikakaa kama askari wa geti. Kila aliyeleta dumu nililipokea kwa shukrani, akishaondoka nalimimina kwenye pipa la jikoni. Mama Mghoi akanifuma. Nikamweleza maneno yako yote. Akanishika bega kwa upole, na Jumapili nikasikia ninaombewa kwa jina, eti huzuni imenipanda kichwani.

Wiki hii limechanua. Halina jani hata moja, ni maua matupu, na ndege wadogo wanayagombania. Akina mama wamekuja kuimba. Mama Mghoi ametoa ushuhuda jinsi maji yao yalivyoufufua mti. Nami nilipiga makofi pamoja nao, nikawapikia chai kwa maji hayo hayo.

Walipoondoka nikageuka nikuone unavyojizuia kucheka. Hapo ndipo pengo lako liliponiuma kuliko hata siku ya mazishi. Kicheko kilikuwa kimenijaa kifua kizima, na wa kucheka naye ulikuwa wewe peke yako.

Pumzika, baba. Maua ni mengi.

Mkeo,
Mama Mwakio