Kimya cha King'ora

Jumanne, Buseresere

Eti bosi anasema, "nimeboresha kompyuta tu." Hasira hazijaniisha. Nilimkataza bosi wa machimbo asiweke toleo jipya la lugha ya kompyuta inayoendesha programu yangu ya kupima hewa shimoni, kabla sijaifanyia programu marekebisho. Ameliweka asubuhi. Programu ikagoma kuwaka, wala hakuna aliyejua.

Programu ndiyo inayopiga king'ora hewa ikiwa na sumu, na kwetu, kikiwa kimya maana yake hewa ni safi, shukeni.

Baba Kulwa, mchimbaji mzee, akashuka, sumu ikamwangusha. Wamempandisha kwa kamba, hai, lakini hajitambui. Alipozinduka akanishika mkono. "Mwanangu, nilisikiliza kwanza. Kilikuwa kimya."

Nimeirekebisha jioni hii. King'ora kimenyamaza, kama inavyotakiwa. Hata mimi sikiamini tena.