Transfoma Moja, Mashine Tatu

Jumatatu, 2 Juni
Mota yangu haijawahi kuungua. Miaka tisa nasaga mahindi hapa Mlowo, haijawahi. Ya Jonas imeungua mara mbili, ya Mama Neema mara tatu. Transfoma ni moja, mashine tatu, bahati yangu peke yangu. Mtu niliyefika Kitwe na Lusaka, umeme utanishinda?

Asubuhi tumewasha wote. Taa zikawa rangi ya papai. Kawaida.

Jumatano, 4 Juni
Mpwa wangu Eliza kaja likizo. Anasoma hesabu chuo kikuu. Mimi niliishia la sita, ila kichwa kile ni cha ukoo wetu. Kachora kwa mkaa kwenye gunia. Kila mwenye mashine anawaza: nikizima, wateja watahamia kwa jirani. Basi wote tunawasha, umeme unapungua nguvu, wote tunasaga kwa kujikokota. Tukipeana zamu, kwa siku tutasaga zaidi, kila mmoja.

"Mjomba, mmoja mmoja mna akili. Mkiwa watatu hamna kabisa."

Nimecheka. Nimekasirika pia.

Jumatatu, 9 Juni
Jonas na Mama Neema wamekubali, tumeanza zamu. Mimi mpaka saa nne, kisha Mama Neema, kisha Jonas. Mama Neema ni mjane, watoto wanne wanakula kwa mashine ile kuukuu.

Umeme umejaa! Unga unaelea kwenye jua la mlangoni, taratibu, kama ukungu umekuja kuota moto. Nimekaa juu ya debe nikauona umeme ukipita kwenye nyaya kama maji ya mfereji, shamba hadi shamba, hakuna anayemzibia mwenzake. Sikulala. Niliota tu, macho wazi.

Ijumaa, 13 Juni
Imekuja pikapu kutoka Msangano, mahindi mpaka juu. Saa nne ikafika. Nikasema namalizia magunia mawili tu. Mama Neema kawasha kwa saa yake. Umeme haukututosha wawili; mota yake ikaguna, ikashindwa kuzunguka. Moshi.

Watu wakalaani umeme. Nami nikalaani, kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi, 14 Juni
Baridi. Nimeenda kwa Mama Neema kumwambia ni mimi, si umeme. Alikuwa anafagia.

"Nilisikia yako inaunguruma, Baba Joshua. Nikasema utaizima."

Basi. Kaendelea kufagia.

Nimefungua mota yangu, nimeifunga kwenye mashine yake. Kwangu kimya. Unga umetua kwenye mkanda.

Bahati sijawahi kuwa nayo. Kila asubuhi nilikuwa nawahi kuwasha. Zilizoungua ni za waliowasha baada yangu.