Sindano ya Tumbo

Mpwapwa

Mjukuu wangu Nasra,

Marahaba, shikamoo yako imefika pamoja na barua. Sisi wazima. Babu yako kafungua tena duka, na siku hizi lina sabuni za kila rangi, hata kuchagua ni kazi.

Unasema ile dawa ya thalasemia, huo ugonjwa wako wa damu, mama yako anayokuwekea hapo nyumbani kila jioni kwa sindano ya tumbo, inakuliza. Unauliza kama nami niliwahi kulia.

Nilipokuwa na umri wako mbwa aliniuma, nikawa nachomwa sindano za kichaa cha mbwa tumboni, kila asubuhi pale zahanati. Baba akasema mtoto wake halii. Basi nikabana pumzi, tumbo likawa gumu kama ubao, na sindano ikazidi kuuma. Siku ya tatu muuguzi, mama mmoja wa Kigogo, akamwomba baba asubiri nje. Akaniambia, "Lia, mwanangu, ila legeza tumbo. Leo nikuchome wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Mwambie mama yako naye akuulize wapi.

Na jibu lako ni hili: tangu siku ile nililia kila siku, Nasra, na kila siku nilirudi.

Bibi yako,
Mwanahamisi