Kibao Kimeng'olewa, Wifi

Wifi yangu Zuhura,

Umenizidi ujanja. Kesi umeniachia mimi, wewe umekwenda kulala huko juu kwenye ukungu, ambako hata wito wa mahakama haupandi. Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani, sketi za shule zimejaa mapajani, na uzi siuoni vizuri unakopita. Si macho. Leo nimepata habari iliyokuwa yako, na sina pa kuipeleka.

Nianzie ulipoishia.

Ile homa ya mapafu ilikukuta bado una tarehe ya mahakama. Pale kitandani ukawa unaniuliza, "Wifi, nikikohoa mbele ya hakimu si atadhani najifanya?" Tukacheka mpaka nesi akatukemea. Kesho yake asubuhi nilikuja na uji, nikakuta shuka limekufunika uso.

Tulikupandisha kwenu. Gari liliishia barabara inapoishia, tukaendelea kwa miguu mpaka mtoni. Kwenye lile daraja lako. Magogo mawili na kamba ya katani, na pembeni kibao cha bluu kinachosema daraja la zege la kijiji limekamilika. Kaka yako Shabani, mume wangu, alikuwa mbele ya jeneza. Akawaambia wenzake, "Tazameni mguu wa aliye mbele yenu, msitazame maji." Wakavuka polepole, jeneza likainama upande mmoja, sisi wanawake tukashika vinywa. Watu wote wale, wifi, kila mtu na simu yake, na hakuna aliyeitoa.

Kwa nini waitoe? Walishaona yaliyokupata. Wewe ulisimama palepale na kikapu cha njegere kichwani, ukajirekodi, ukasema kwa sauti yako ile ya mlimani inayopanda mwisho wa maneno: "Jamani, hili ndilo daraja lililokamilika! Jumatatu tushukeni wote na mizigo yetu mpaka ofisini, tukawaulize wamelikamilishia wapi." Watu walicheka, wakatumiana, video ikafika mpaka Dar. Jumatatu yenyewe haikufika. Polisi walikuchukua sokoni Jumamosi, njegere zako zikabaki kwenye turubai. Kosa: kusambaza taarifa za uongo mtandaoni na kuhamasisha mkusanyiko usio halali. Kuanzia siku hiyo kundi letu la WhatsApp la sokoni likawa linaonyesha kitu kimoja tu: fulani ameondoka, fulani ameondoka.

Baada ya arobaini yako, mimi na Shabani tulipeleka cheti cha kifo mahakamani. Hakimu, mama wa makamo, alikisoma taratibu, akatupa pole, akasema shauri limekoma kwa kuwa mshtakiwa amefariki. Shabani akainama kushukuru. Mimi miguu ikakataa kuondoka.

"Mheshimiwa, kwa hiyo alisema kweli au alisema uongo?"

Karani alinitazama kama nimevua nguo. Hakimu yeye akavua miwani. "Mama, mahakama haimhukumu marehemu. Na kumsafisha pia haiwezi."

Alisema kwa upole, simlaumu. Lakini nilitoka pale nimebeba kitu kizito. Ulikuwa umeshaambiwa ukiifuta video na kuomba radhi mambo yatalainika, nawe ukaniuliza, "Niombe radhi kwa kuona?" Ulikubali, ukiwa nje kwa dhamana, kupanda na kushuka mlima kwa kila tarehe ili siku moja mtu mwenye mamlaka atamke neno moja. Sasa hilo neno halitatamkwa kamwe. Shabani akasema, "Basi, yamekwisha." Mimi nikaona yamekatika tu.

Nimelifikiria sana hilo neno uongo. Mtandaoni uongo upo, tusidanganyane. Unamkumbuka jirani yangu muuza maandazi, aliyezushiwa kwenye simu kwamba anakanda unga mbovu? Alihama kwa aibu. Sheria ya kumlinda yule mama naitaka, na ningeipigia kura kwa mikono miwili. Ila nilimuuliza wakili wako, yule binti aliyekutetea bure, inakuwaje sheria hiyohiyo ikamshika mtu aliyesimama juu ya magogo na kusema haya ni magogo? Akanijibu, "Dada Rehema, kwenye kesi hizi kuujua ukweli si kazi. Kazi ni kuuthibitisha ukiwa umeshawekwa ndani." Kisha akanionya: usiandike usichokiona, usimtaje mtu, usitukane.

Nikapanda mlimani peke yangu. Nikakipiga picha kibao, nikayapiga picha magogo. Nikaziweka zote mbili pamoja mtandaoni, kwa jina langu, bila neno hata moja.

Polisi wakaniita. Afande kijana kabisa, anaweza kuwa mwanangu. Aliniamkia shikamoo kwanza, ndipo akaniuliza nilikuwa namaanisha nini. Nikamwambia, "Baba, sikusema kitu. Ni picha." Akazitazama muda mrefu. Akaniuliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia miguu yangu. Jioni wakaniruhusu, na onyo juu.

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Shabani hakula. "Umeona dada yangu alivyoishia," akasema, "na wewe unataka njia ileile?" Nikamwambia wewe umeuawa na homa. Akasema, "Homa ilimkuta ameshachoka." Tulikaa nyumba moja kama wapangaji wawili.

Lakini watu wakaanza kurudi kundini. Wa kwanza alikuwa muuza ndizi, yule mwenye sauti nene uliyekuwa ukimtania kuwa ni adhana ya soko. Aliandika tu, "Nipo." Wakafuata wengine. Sasa tumepeleka barua polisi, kuwapa taarifa kwamba tunataka kushuka kwa amani na mizigo yetu mpaka ofisini. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu za kiusalama. Tumepeleka ya pili. Wakili anasema wakikataa tena, yeye mwenyewe atatuonyesha mlango wa mahakama, safari hii tukiingia sisi wenyewe bila kupelekwa.

Sasa habari yenyewe. Shabani alipanda kwenu kumwezekea mama paa, amerudi leo mchana. Akasimama hapo mlangoni na vumbi lake, akasema, "Wamekwenda kuking'oa."

"Nini?"

"Kibao."

Hakuna tangazo wala samahani. Daraja halijajengwa, magogo ni yaleyale. Yamebaki mashimo mawili yenye maji ya mvua. Mahakama imeshindwa kusema kama ulikuwa mkweli, na wenye kibao hawatasema. Ila wameking'oa, wifi. Mtu hang'oi kibao cha kweli.

Shabani akaketi, akaniomba simu. Akazitazama zile picha mbili. Halafu akatafuta video yako. Hakuwahi kuitazama, ulijua? Tangu siku uliyokamatwa alikuwa akisikia sauti yako kwenye simu ya mtu anaondoka. Leo ameitazama yote. Ulipofika kwenye "wamelikamilishia wapi" akacheka, cheko lenu lile la ukoo, kisha akavua kofia akajifunika nayo uso. Nikaendelea kushona, nikamwacha.

Alipojifuta akaniuliza, "Barua ya polisi mmeshapeleka?"

"Tumeshapeleka."

"Warudieni, waambieni kuna jina limesahauliwa. Shabani, kaka yake Zuhura."

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla sijamaliza sketi hizi.

Sikuahidi daraja, daraja si langu. Nakuahidi kwamba nitasema nilichokiona kwa macho yangu, kwa jina langu, na pale macho yangu yanapoishia nitanyamaza. Na siku ya kushuka ikifika, mama yako hatabaki mlimani, amesema atabebwa. Pumzika, wifi. Mungu akupanulie nafasi huko ulipo. Yaliyobaki tuachie sisi wenye miguu.

Wifi yako akupendaye,
Rehema